Mikate ya Posa

Shangazi Kache hakuuliza. Aliingia jikoni asubuhi ile ya Jumamosi, akajifunga leso vizuri kiunoni, akasema kama anayeagiza chumvi:

"Wageni wa Magarini wanakuja leo. Utawapikia ile mikate yako ya vyumba vyumba."

Zipporah alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ulisimama.

"Wageni gani, shangazi?"

"Watu wa Karisa. Mzee Garama mwenyewe anakuja. Wamenyamaza tangu matanga, sasa wanataka neno. Nawe wajua ni neno gani."

Alilijua. Dada yake mkubwa, Nyevu, alifariki mwaka juzi kwa homa, akamwacha mumewe Karisa huko Magarini na binti mmoja, Sidi, ambaye wakati ule hata kutembea hajajua vyema. Mtoto aliletwa Malindi kwa babu yake, Mzee Dena, na Zipporah akaacha kazi hotelini ili amlee. Sasa Sidi alikuwa anaingia mwaka wa nne. Alimwita Zipporah mama, na usiku hakulala mpaka ashike kidole chake. Wazee wa pande zote mbili waliona jambo lililo wazi kwao kama mchana: mtoto ana baba asiye na mke, na ana mama asiye na mume. Kilichobaki ni kuwaunganisha.

"Nitawapikia mahamri," Zipporah alisema.

"Mahamri kila mtu anapika. Nataka Garama arudi kwao akisema kwa Dena kuna mwanamke."

"Chuma cha kuchomea si changu, shangazi. Nilikiazima."

"Basi kaazime tena."

Shangazi Kache alikwisha kugeuka. Ndiye aliyewalea Zipporah na Nyevu tangu mama yao alipofariki, na katika malezi hayo yote hakuwahi kurudia agizo.

Zipporah alimwita mama muuza makaa aliyekuwa akipita, aliyeishi mtaa wa Kisumu Ndogo, akamwomba ampelekee jirani yake Laban Ochola salamu: chuma kinatakiwa leo, mapema. Hakuongeza neno. Neno gani angeongeza?

Laban alikuwa mtu wa bara, mpishi wa mikate na keki katika hoteli ile ile aliyoiacha Zipporah. Yeye ndiye aliyemfundisha wafo, maana hivyo ndivyo mikate hiyo ilivyoitwa hotelini. Siku ya kwanza alimshika mkono akamwonyesha namna ya kuufunga mdomo wa chuma bila kujiunguza, halafu akasahau kuuachia. Zipporah naye akasahau kuuvuta. Tangu siku hiyo jiko lile lenye kelele za masufuria lilikuwa kwao mahali pa kimya kabisa. Walizungumza kwa macho juu ya vichwa vya wapishi wenzao, na jioni walitembea njia ya mbali kurudi mjini, wakiogopa kufika.

Hata baada ya Sidi kuja, hawakuachana. Walionana sokoni, nje ya kanisa, popote palipo na watu wengi wasiomjali mtu. Mzee Dena hakujua. Shangazi Kache hakujua. Hapo ndipo mapenzi yao yalipokaa, mahali pasipojulikana, kama mtu aliyeingia chumba kisicho na dirisha.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa 1986, na mvua ilikuwa haikatiki. Laban alifika kwa mlango wa uani, amelowa mabega, chuma kakifunga katika gunia na mkono wa pili kashika ndoo yenye bonge la barafu.

"Umelowa," Zipporah alisema.

"Nimekimbia. Nilisikia umenikumbuka." Alicheka, akaweka vitu chini. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nina habari, Zipo. Hoteli imefungwa jana kwa sababu ya mvua, mpaka watalii warudi. Lakini mimi nimepata kazi Nairobi. Kazi nzuri. Na sitaki kusafiri hivi hivi. Leo nataka nimwone babako."

"Si leo, Laban."

"Kwa nini si leo?"

Laban akatazama meza. Aliona unga uliokwisha kuchekechwa, mayai, papai lililoiva, ndizi kisukari, na vikombe vile vya maua ambavyo hutolewa kabatini siku ya arusi au ya matanga. Tabasamu lake lilipungua kidogo kidogo.

"Wageni ni nani?"

"Watu wa shemeji yangu."

"Wanataka nini?"

Zipporah alichukua yai, akaliweka tena. "Wanataka nichukue nafasi ya Nyevu."

Mvua ilisikika juu ya bati. Laban alikitazama chuma chake pale chini, ndani ya gunia.

"Kwa hiyo umeniita nilete chuma changu, uwapikie watu wanaokuja kukuposa."

"Sikukuita wewe. Niliita chuma."

Zipporah aliona jinsi neno hilo lilivyomchoma, akatamani kulirudisha. Lakini Laban alikuwa amekwisha kulipokea.

"Mwaka mzima, Zipo," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima nakuomba, nitaje kwa babako. Litaje jina langu hata kwa kukosea. Unaniambia subiri. Nimesubiri. Kumbe nasubiri hii?"

"Unafikiri ninaliogopa jina lako?"

"Naona unaliogopa."

"Nikikataa, Sidi anachukuliwa. Walisema wazi siku ya matanga, mtoto wao hatalelewa na mwanamume baki. Atapelekwa Magarini kwa hawe yake, bibi mzee ambaye hata njia ya kisimani haioni tena, nami nitamwona Krismasi kwa Krismasi kama mgeni. Wewe unataka nichague, Laban. Mimi sina cha kuchagua. Kila nikifungua mlango mmoja, mwingine unanifungia vidole."

Laban alikaribia kumshika mkono, kisha akauacha mkono wake hewani.

"Na mimi?" aliuliza.

"Nawe nakupenda. Ndiyo maana sijapata usingizi."

Walikuwa wamesimama hivyo, karibu na mbali, Shangazi Kache alipoingia. Alimtazama kijana, akalitazama gunia, akaiona barafu, uso wake ukafunguka.

"Ah, huyu ndiye wa hotelini?"

"Shikamoo, mama," Laban alisema.

"Marahaba, baba. Umekuja kumsaidia? Umefanya wema. Peke yake angechelewa."

Laban alimgeukia Zipporah. Neno moja tu lilihitajika. Zipporah alihisi linampanda kooni, likafika kwenye meno, likakwama hapo. Akainamisha macho.

"Ndiyo, mama," Laban akasema mwishowe. "Nimekuja kusaidia."

"Haya." Shangazi aliufunga mlango wa uani kwa ufunguo, akaufundika katika pindo la leso yake. "Leo hatoki mtu wala haingii mtu ila kwa mlango wa mbele. Mimi pia nilikuwa msichana. Najua miguu inavyowasha siku kama hii."

Aliondoka akicheka. Wao hawakucheka.

Basi wakapika, maana hapakuwa na la kufanya ila kupika. Zipporah alitenga viini na ute. Laban alipiga ute mpaka ukasimama mweupe kama pamba. Alichanganya unga, maziwa na siagi iliyoyeyushwa, akaingiza ule ute taratibu, polepole mno, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Zipporah alikamua tui la kwanza bila maji, akalichuja, akaweka bakuli juu ya barafu. Lilipopoa na kuwa zito, alilipiga kwa sukari na iliki mpaka likashika mwiko.

"Bakuli linateleza," alisema.

Laban alilishika. Vidole vyao vikagusana juu ya ukingo wenye baridi, na hakuna aliyevitoa.

"Nikitoka hapa leo, nitakuwa nani?" Laban alinong'ona. "Mpishi aliyekodiwa?"

"Usiseme hivyo."

"Nimeshaitwa hivyo, na nimeitika."

Laban alimimina mchanganyiko katika chuma cha moto, akakifunga. Mvuke ulitoka pembeni ukapanda kati ya nyuso zao. Aligeuza chuma juu ya makaa, akasubiri mpaka mvuke ulipokata, akakifungua: mkate wa rangi ya dhahabu, vyumba vyake vidogo vimejipanga sawasawa. Hotelini wangetazamana kwa furaha kila mkate wa kwanza unapotoka mzima. Leo Zipporah aliupokea kwenye sahani, macho chini.

Hodi ilisikika mbele. Kisha sauti nzito za wazee, salamu ndefu, habari za mvua, za mihogo, za wagonjwa. Sauti ya Mzee Dena ilikuwa laini kama kawaida. Alikuwa karani mstaafu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kumpiga mwanawe wala kumpandishia sauti. Zipporah aliwahi kufikiri kwamba baba mkali angekuwa rahisi zaidi. Mkali unaweza kumkimbia.

Haukupita muda mrefu, Karisa akatokea mlangoni pa jikoni, Sidi mkononi mwake na mananasi kwapani. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mkulima, na tangu msiba shati lake lilikuwa likimpwaya.

"Shemeji. Nimewaletea mananasi ya shamba."

"Ahsante, shemeji. Karibu."

Sidi aliteremka, akamwendea Zipporah na kujibanza kwenye sketi yake. Laban alimkatia kipande cha mkate, akakitia tui juu. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili.

Karisa alisitasita. "Nilitaka neno moja nawe." Akamwangalia Laban.

"Sema tu," Zipporah alijibu. "Huyu anaweza kusikia."

Karisa alimtazama yeye, akamtazama Laban, akaona namna Laban alivyoinama juu ya papai asilolikata. Alikuwa mkulima, alijua kitu kilichooteshwa hata kabla hakijatoa jani. Akaweka mananasi chini.

"Basi afadhali asikie. Shemeji, wewe ukicheka unaziba mdomo kwa mkono. Nyevu alifanya hivyo hivyo. Ukiita mtoto, sauti ni yake. Nimekuwa siji Malindi kwa sababu hiyo. Watu wanasema simjali Sidi. Mimi siwezi kuingia nyumba hii nikamsikia marehemu anaongea jikoni." Alimtazama Sidi akila. "Wakinipa wewe, nitakutesa. Si kwa kupenda. Nitakutesa kwa kosa la kufanana naye."

"Kwa nini usikatae?"

"Mzee Garama ni mjomba wangu, ndiye aliyenilea. Sijawahi kumwambia la katika maisha yangu. Na nikikataa, watasema nimemtupa mtoto wa marehemu, watamchukua. Wewe je? Kwa nini usikatae?"

"Baba yangu pia sijawahi kumwambia la," Zipporah alisema. "Na watamchukua."

Walitazamana, watu wawili waliofungwa kwa kamba moja, kila mmoja akitumaini mwenziwe ana kisu. Laban alikata papai hatimaye. Kisu kiligonga ubao kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wakiuliza," Karisa alisema, "nani atasema kwanza?"

Sauti ya Shangazi Kache iliita kutoka sebuleni kwamba wageni wana njaa.

Zipporah aliingia na sinia. Wafo zilikuwa bado za moto, zimepangiwa papai, ndizi na nanasi, na tui lile jeupe limekaa juu yake likianza kulegea. Mzee Garama alionja, akatikisa kichwa, akaonja tena. Tui lilimbaki kwenye ndevu.

"Dena, mmetufichia hazina," alisema. Shangazi Kache aliangalia chini kwa fahari.

Walipokwisha kula kidogo, Mzee Garama alijifuta, akakaa wima.

"Zipporah, binti Dena. Tumekuja kwa heshima. Jiko la dada yako limepoa, na mwanawe yuko mikononi mwako. Hatutaki kwenda mbali kutafuta mgeni na ndugu yupo. Baba yako amekubali. Lakini siku hizi si za zamani, msichana huulizwa. Tunakuuliza: wakubali?"

Sidi alikuwa amekaa mkekani akilamba vidole. Mzee Dena alimtazama bintiye kwa upole ule ule, upole uliokwisha kujibu kwa niaba yake. Karisa alitazama mikono yake. Zipporah alihisi kuta za sebule zimesogea. Alifikiri juu ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia la jikoni, ambaye asubuhi alimnyima neno moja tu. Hakuweza kumnyima tena.

"La, mzee," alisema.

Kijiko cha Shangazi Kache kililia juu ya sahani.

"Nampenda Sidi kama nimemzaa. Lakini mume wa dada yangu ni kaka yangu. Nimejaribu kumfikiria vingine, sikuweza. Naomba mnisamehe."

Mzee Garama hakukasirika mara moja. Alisukuma sahani yake mbele kwa kidole. "Sawa. Hukulazimishwa. Basi mtoto tunakwenda naye leo. Kache, mfungie nguo zake."

Shangazi Kache hakuinuka. Ilikuwa ajabu: mwanamke aliyepanga siku nzima alikaa pale, mikono juu ya magoti, akimtazama mtoto.

"Kache, umesikia?"

"Mjomba," Karisa alisema. Sauti ilimtoka kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. "La. Haendi."

"Wasema nini?"

"Nasema mtoto ni wangu. Atakaa na huyu anayemwita mama."

"Hata akiolewa na mwanamume baki?"

"Hata akiolewa." Karisa aliinuka. "Nimemzika mama yake. Sitamwondolea na huyu."

Mzee Garama alichukua bakora yake. Alimpa Mzee Dena mkono, lakini hakuukaza, akatoka mvuani bila kunawa. Karisa alimpakata Sidi, akamweka mikononi mwa Zipporah, akamfuata mjomba wake. Alipopita mlangoni mabega yake yalikuwa yameinuka kidogo.

Kisha Mzee Dena akauliza, bila kumtazama mtu:

"Huyo mwanamume baki, ni nani?"

Zipporah alifungua kinywa, lakini pazia lilikuwa limekwisha kusogea. Laban alitoka, unga mikononi, uso umemkauka.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo. Naitwa Laban Ochola."

Mzee Dena alimtazama mikono yenye unga. "Marahaba. Wewe ndiye mpishi."

"Ndiye, mzee."

"Umepika posa ya mwanangu kwa mtu mwingine, jikoni kwangu, ukanyamaza?"

"Mlango ulikuwa umefungwa, mzee."

Shangazi Kache aligusa pindo la leso yake, akasema polepole, "Yesu wangu."

"Kwenu wapi?"

"Siaya."

"Mbali."

"Ni mbali, mzee."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kwamba unataka kuoa Mgiriama wa huku Malindi, aliye na mtoto asiyemzaa?"

Zipporah alimgeukia Laban, tayari kusikia jibu. Alimngoja. Akaona macho ya Laban yakitafuta mahali pa kutua.

"Bado, mzee," Laban alisema.

"Bado?" Zipporah aliuliza.

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri." Sasa alikuwa akisema na Zipporah peke yake. "Kuna msichana wamenitafutia nyumbani, Zipo. Tangu Krismasi wananiandikia niende nimwone. Simtaki. Nilitaka wewe uanze kwenu, ili nikienda kwetu niwe na la kusema."

Mzee Dena aliinuka kwa kushika kiti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee.

"Leo nimewapoteza watu wa Magarini, ambao tulikuwa ndugu. Sikubali iwe kwa ajili ya kijana ambaye kwao hawajui anakokwenda. Ukija na mama yako, au hata mjomba wako, tutakaa tuzungumze. Ukija peke yako, usije." Akaingia chumbani kwake.

Shangazi Kache alifungua ufunguo kutoka kwenye leso, akaenda jikoni bila kuambiwa. Walisikia mlango wa uani ukifunguliwa.

Wakabaki wao na mtoto, ambaye usingizi ulikuwa unamlemea begani kwa Zipporah. Laban alisogea hatua moja.

"Twende wote Nairobi," alisema. "Kesho. Karisa amekupa mtoto. Babako atakasirika, halafu atazoea."

"Na huko tutafika kwa nani?"

Laban alijipangusa unga mikononi.

"Ulinitaka niwe jasiri," Zipporah alisema. Hakupandisha sauti, alikuwa binti wa baba yake. "Nilikuona wewe ni mwanamume uliye huru, mimi ndiye niliyefungwa. Kumbe tulikuwa ndani wote, ila wewe ulinificha ufunguo wako."

"Nakupenda, Zipo. Hilo sikukudanganya."

"Najua." Machozi yalimtoka, hakuyafuta, mikono ilikuwa imembeba Sidi. "Ndilo linaloniuma."

"Nitakwenda nyumbani kwanza. Nairobi itangoja. Nitamwambia mama."

"Utamwambia nini?"

Alijaribu kuanza, akasita, akajaribu tena. Sentensi haikuja. Zipporah alimtazama uso huo alioupenda, unga kwenye shavu, na kwa shida kubwa hakunyoosha mkono kuufuta.

"Safari ni ndefu," alimwambia. "Ifikirie njiani. Mimi kwetu nimekwisha kusema. Imebaki kwenu."

Laban alisimama kidogo zaidi, kisha akageuka akapita jikoni. Zipporah alisikia viatu vyake katika matope ya uani, vikaenda, vikasimama, vikaenda tena. Hakwenda dirishani. Alikaa mkekani na mtoto kifuani, akisikiliza mpaka palipobaki mvua peke yake.